Pishi Moja kwa Siku Moja

Masomo: Kutoka 16:13-30, Mathayo 6:25-34, Marko 5:21-43



Jumapili kwa Jumapili twapiga magoti pamoja na kumwomba Baba yetu wa mbinguni riziki ya siku moja. Midomo yetu husema "leo". Lakini tukitoka kanisani, hata kabla hatujafika njia panda, mioyo yetu imekwisha kwenda mwezi ujao. Ada ya shule italipwa na nani? Mvua za vuli zitanyesha, au zitatupita kama mwaka jana? Majibu ya hospitali yatasemaje? Kijana aliyekwenda mjini kutafuta kazi, mbona simu yake haipatikani? Twafika nyumbani, twawekewa chakula, twakila, na baadaye hatukumbuki tulikula nini.

Hatuandiki haya kuwalaumu wenye hofu. Mashaka ya watu wetu si ya kubuni. Mjane mwenye watoto wanne hakosi sababu ya kukesha. Tena Bwana wetu mwenyewe, katika ile hotuba ya mlimani, hakusema kwamba kesho haina matata. Alisema kesho ina ya kwake, na kila siku ina maovu yake ya kuitosha. Hakutudanganya. Alichotukataza ni kuyachukua maovu ya siku mbili na kuyatwika juu ya kichwa cha siku moja.

Twapenda kusema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Ni methali njema ya kupatanisha wagombanao. Lakini tukiitazama vizuri, inataja yaliyopita na yajayo. Ya leo haikuyataja. Na hivyo ndivyo tunavyoishi wengi wetu. Basi tujiulize: Mungu yuko wapi katika habari ya siku? Na sisi tuko wapi?

MANA YA JANGWANI

Wana wa Israeli walikuwa wametoka Misri yapata mwezi mmoja. Chakula kimekwisha, na mbele yao ni mchanga mtupu. Wakanung'unika, wakaikumbuka nyama ya utumwani. Ndipo Mungu akawapa mana. Kila asubuhi, umande ulipokauka, ilikuwapo juu ya nchi. Amri yake ilikuwa nyepesi: kila mtu aokote pishi moja kwa kichwa, na pasiwe na mtu wa kuisaza hata asubuhi.

Wazee wetu waliijua pishi vizuri. Ni vibaba vinne, chakula cha mtu kushiba. Si kidogo cha kumtesa mtu, wala si kingi cha kumfanya asahau kilikotoka. Lakini wako waliofikiri moyoni, "Na kesho isipoanguka?" Wakaficha nyingine hemani. Asubuhi ilikuwa imeingia mabuu na kunuka.

Tuangalie jambo hili kwa makini. Mana iliyooza haikuwa mbaya. Ilikuwa ileile, tamu kama maandazi ya asali, iliyowashibisha jana yake. Ilioza kwa sababu walitaka ifanye kazi ya siku isiyokuwa yake. Tena tuone kwamba usiku wa kuamkia Sabato waliiweka, kwa agizo la Mungu, na haikuoza. Basi kosa halikuwa kuweka. Kosa lilikuwa kuweka kwa hofu, kana kwamba Mungu wa Jumanne si Mungu wa Jumatano.

Na hivi ndivyo zilivyo nguvu za moyo. Mungu hatupi mwezi huu nguvu za kubeba msiba wa mwaka kesho. Ndiyo maana usiku tukilala macho tukijaribu kuubeba msiba ule ambao haujaja, twajiona hatuwezi kabisa. Na kweli hatuwezi. Si kwa sababu imani yetu ni haba, bali kwa sababu neema yake haijaanguka bado. Twaenda katika siku ile kwa mawazo, peke yetu, kabla Mungu hajatutangulizia mana yake. Lo, ni nani awezaye kushiba katika jangwa la namna hiyo?

Israeli walikula mana miaka 40. Hawakupewa ghala la miaka 40. Walipewa asubuhi moja, kisha nyingine, hata wakafika mpakani mwa nchi ya Kanaani.

JAMBO LA NYUMBANI KWETU

Turuhusiwe kusema jambo moja lililotupata sisi tunaoandika maneno haya. Twalisema kwa kukiri, si kwa kujisifu, kwa maana tulikuwa tumewafundisha watoto wa watu somo la mana kwa miaka mingi, na picha yake tuliwahi kuichora ubaoni kwa chaki za rangi.

Mama wa nyumba yetu aliugua. Waganga walisema wazi kwamba ugonjwa umekwenda mbali. Tukawa twakaa kando ya kitanda chake mchana kutwa. Watu waliokuja kutuona walisifu, wakasema, "Mwalimu hamwachi mkewe." Kumbe tulikuwa tumemwacha zamani. Tulipokaa pale, mawazo yalikuwa yakihesabu: nauli ya kwenda hospitali kubwa ni kiasi gani, na ya kurudi, dawa zikipanda bei itakuwaje, malipo ya kustaafu yakizidi kuchelewa tutamwendea nani. Na twaona haya kusema, tulikuwa tukihesabu hata turubai na viti vya matanga. Tulikuwa tumeketi kando ya mtu aliye hai, huku moyoni tumekwisha kumzika.

Siku moja alituita. "Mwalimu, uko wapi?"

Tukamjibu, "Nipo hapa, mama."

Akasema, "Hapana. Umekaa hapa, lakini hupo." Kisha, baada ya kupumzika kidogo, akasema, "Nimenyee chungwa."

Tulikuwa na machungwa ya Muheza katika kikapu, yaliyoletwa na jirani. Tukachukua kisu, tukamenya. Na kwa kuwa mkono wetu wa kuume umeanza kutetemeka kidogo kwa uzee, ilitupasa kuliangalia lile chungwa sana tusijikate. Kwa muda wa dakika mbili au tatu hatukufikiri jambo jingine lolote. Tukampa kipande, akanyonya, akacheka, akasema ni tamu. Tukaona jinsi alivyokonda usoni, na jinsi macho yake yalivyokuwa bado yaleyale. Wiki nzima tulikuwa tumekaa pale, wala hatukuyaona.

Aliishi wiki 11 baada ya siku ile. Hatusemi kwamba hofu ilituisha. Ilirudi kila siku, na usiku zaidi. Lakini tulijifunza kuiambia, "Ngoja, sasa twamenya chungwa." Tulimsomea Zaburi. Tulimfuta uso. Alitukumbusha mambo ya ujana wetu tuliyokuwa tumeyasahau. Wiki zile 11 ni katika siku tunazomshukuru Mungu kwa ajili yake kuliko siku nyingi za afya.

Na yale tuliyoyahofia? Mengine hayakutokea kamwe: safari ya hospitali kubwa haikuwapo, wala nauli haikuhitajika. Mengine yalitokea, na yalikuwa mazito kuliko tulivyodhani. Lakini kule kuogopa kwetu kabla hakukutupunguzia hata senti moja ya deni lile. Siku yake ilipofika, tulilia kama watu wengine. Na siku hiyohiyo, si kabla yake, tulipewa nguvu za siku hiyo. Majirani walikuja. Akina mama wa kanisa waliingia jikoni bila kuulizwa. Mana ilianguka asubuhi yake.

BWANA ALIPOSIMAMA NJIANI

Katika Injili ya Marko tunasoma habari za Yairo, mkuu wa sinagogi. Binti yake wa miaka 12 alikuwa katika kufa. Yairo akaanguka miguuni pa Yesu, akamsihi aje, naye Yesu akaenda pamoja naye. Hebu tujitie katika viatu vya baba yule. Barabara imejaa watu, na kila hatua ina thamani.

Mara Bwana anasimama. Anauliza ni nani aliyemgusa. Wanafunzi wanamshangaa, maana watu wanamsonga kila upande. Lakini yeye anatazama huku na huku hata mwanamke mmoja, aliyetokwa na damu miaka 12, atoke mbele akitetemeka. Marko asema mwanamke yule alimweleza kweli yote. Kweli yote ya miaka 12 haisemwi kwa neno moja! Alieleza habari za matabibu, na mali yake yote iliyokwisha. Na Bwana alisikiliza. Yairo amesimama kando, mikono imeshikana, hana la kusema. Na kabla maneno hayajaisha, watu wanafika kutoka nyumbani kwake: binti amekufa, haina haja kumsumbua Mwalimu.

Hapo Bwana akamwambia Yairo asiogope, aamini tu. Hakumweleza atakalofanya. Hakumpa habari ya saa ijayo. Alimpa la kufanya kwa wakati ule: amini, na tutembee.

Ndugu, Bwana hakuwa mzembe, wala hakuwa na papara. Alikuwa akimwendea binti, hakumsahau. Lakini alipokuwa na mwanamke alikuwa na mwanamke kweli, moyo wote. Sisi tukiwa na mgonjwa wa kwanza twamfikiria wa pili, na tukifika kwa wa pili twamfikiria wa tatu. Mwisho hatukumwona hata mmoja.

Na tazameni jinsi habari ile inavyomalizika. Binti ameamka. Wazazi wamepigwa na bumbuazi. Ni wakati wa kusema maneno makuu. Bwana akaagiza apewe chakula. Katika chumba kile yeye peke yake ndiye aliyekumbuka kwamba mtoto aliyekuwa mgonjwa ana njaa. Yeye aliyeyajua yote yatakayomjia Yerusalemu aliweza kuiona njaa ya mtoto mmoja mchana ule.

Twajua kwamba si kila binti wa Yairo huamka katika dunia hii. Nyumbani kwetu hakuamka. Twamngoja katika ufufuo. Lakini Bwana aliyesimama njiani kwa ajili ya mwanamke yule ndiye aliyekuwapo katika chumba chetu, naye ndiye aliyekumbusha chungwa.

JE, TUSIPANGE?

Hapa wengine watasema, "Mafundisho haya yatawafanya vijana wavivu. Asiyefikiri kesho atakula nini?" Neno hili lina haki ya kujibiwa. Kitabu cha Mithali chatuelekeza kwa chungu, awekaye akiba wakati wa mavuno. Yusufu alimshauri Farao kuweka sehemu ya tano ya mazao ya miaka saba ya shibe. Mungu hakumkemea Yusufu, bali alimpa hekima ile.

Sisi tuliopitia vyuo vya ualimu tulifundishwa kuandaa azimio la kazi la muhula mzima, kisha andalio la kila somo. Mwalimu asiye na andalio huwadhulumu watoto. Lakini mwalimu akisha kuingia darasani, andalio hulazwa mezani, na macho yake huwa juu ya watoto. Yuko mwalimu mwingine ambaye Jumatatu anafundisha, lakini moyoni anamwogopa mkaguzi atakayekuja Alhamisi. Huyo ana andalio safi kabisa. Ila hamwoni mtoto wa dawati la nyuma ambaye hajaelewa, wala yule aliyelala kwa sababu hakula tangu jana.

Kupanga ni kazi ya leo kwa ajili ya kesho, na ina mwisho wake. Twakaa, twahesabu, twaandika, twafunga daftari. Hofu haina mwisho. Hurudia hesabu ileile mara 20, na jibu ni lilelile. Basi ukitaka kuvipambanua viwili hivi, jiulize: wazo hili lina kazi ya mikono yangu leo? Likiwa nayo, inuka uifanye. Likiwa halina, si mpango tena. Ni mana ya jana, nayo inanuka.

KANISA LETU LATUFUNDISHA KUISHI SIKU MOJA

Pengine hatujaona kwamba sala zetu zimekatwa kwa kipimo cha siku. Katika Kitabu cha Sala, Sala ya Asubuhi inamshukuru Mungu kwa kutufikisha salama mwanzo wa siku hii, na kumwomba atulinde katika siku hii tusianguke dhambini. Haiombi zaidi. Jioni twaomba mwanga katika giza na ulinzi katika hatari za usiku huu. Asubuhi na jioni, basi. Hata Zaburi zote 150 zimegawanywa katika siku 30, fungu la asubuhi na fungu la jioni. Anayezifuata huzimaliza zote kila mwezi, bila kulazimika kubeba nyingi kwa mara moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Na tukija Mezani pa Bwana, twanyosha mikono mitupu na kupokea. Hakuna awezaye kupokea leo Komunyo ya Jumapili ijayo.

Hata neno la Kigiriki lililo katika Sala ya Bwana, epiousios, hutufundisha. Origen, mwalimu wa Kanisa wa karne ya tatu, alisema hakulikuta kwa waandishi wa Kigiriki wala katika mazungumzo ya watu. Kwa hiyo wataalamu wamelifasiri kwa namna mbalimbali: wengine, riziki ya leo, wengine, riziki ituoshayo njaa ya kuishi, wengine, riziki ya siku inayokuja. Lakini mtu aisemaye sala hii alfajiri, siku inayokuja ni ipi? Ni hii inayopambazuka dirishani kwake.

Katika karne ya 17 alikuwako Mfaransa mmoja, Nicolas Herman, mzaliwa wa Lorraine. Alikuwa askari, akajeruhiwa, na mwaka 1640 akaingia katika nyumba ya watawa Wakarmeli mjini Paris, akaitwa Ndugu Lawrence. Kwa miaka minne aliteswa na hofu kubwa kuliko zote: aliamini kwamba atapotea milele. Alifunguliwaje? Aliamua kwamba, litakalokuwa na liwe, yeye siku zote atafanya kila jambo kwa ajili ya kumpenda Mungu. Wakampa kazi ya jikoni, ambayo kwa tabia yake hakuipenda. Akajizoeza kuzungumza na Mungu palepale, katikati ya vyungu na moshi, na mawazo yakitoroka aliyarudisha bila kujigombeza. Alikufa mwaka 1691, na habari zake zinasomwa mpaka leo. Hakuwa mwanachuoni. Alikuwa mpishi aliyekuwapo jikoni kwake.

LA KUFANYA

Basi tufanye nini? Tutaje machache ambayo kila mmoja aweza kuyajaribu wiki hii.

Kwanza, tukiamka, kabla ya kushika simu au redio, tuseme Sala ya Bwana polepole, na tukifika kwenye neno "leo" tusimame kidogo. Tumwambie Mungu siku hiyo ni siku gani na ina kazi gani.

Pili, mwenye kusumbuliwa na mengi achukue karatasi, apige mstari katikati. Upande mmoja aandike yenye kazi ya leo, upande wa pili yasiyo na kazi ya leo. Ya upande wa kwanza ayafanye. Ya upande wa pili ayaweke chini ya Biblia, ayakabidhi kwa Bwana. Mengi yatakuwa upande wa pili.

Tatu, hofu ikija mchana, tusishindane nayo kwa maneno, maana ina maneno mengi kuliko sisi. Tuvute pumzi, kisha tuitoe polepole kuliko tulivyoivuta, mara chache. Pumzi ikitoka polepole, mapigo ya moyo nayo hupunguza kasi. Ndivyo Mungu alivyouumba mwili. Mwili hauwezi kuvuta leo pumzi ya kesho, na katika jambo hili una hekima kuliko mawazo yetu. Pamoja na pumzi tuseme, "Bwana, upo hapa." Kisha turudi katika kazi iliyo mkononi: jembe hili, ufagio huu, mtoto huyu anayeuliza swali. Tukitoroka tena, turudi tena. Hata tukirudi mara 100 kwa siku, tumemrudia Bwana mara 100. Si haba.

Nne, kila siku tumsikilize mtu mmoja mpaka amalize. Labda ni mkwe, labda ni mgonjwa, labda ni mtoto mwenye habari ndefu ya mbuzi. Bwana alisimama njiani; nasi tusimame.

Tano, jioni tuyarudishe yote. Siku imekwisha, iwe ilikwenda vema au vibaya. Pishi yake imeliwa.

NENO KWA WALIOLEMEWA, NA KWA WALIO KARIBU NAO

Wako wenzetu ambao hofu yao haishikiki kwa mambo haya. Hudumu wiki kwa wiki, huondoa usingizi na hamu ya chakula, moyo hupiga bila sababu. Ndugu, hilo laweza kuwa ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Nenda ukamweleze mganga wa hospitali, na umweleze kasisi wako pia. Si aibu, wala si upungufu wa imani. Eliya alipokimbilia jangwani na kuomba afe, malaika hakumgombeza. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akampa mara ya pili. Safari haikutajwa mpaka alipokuwa ameamka na chakula kiko mbele yake.

Na kwetu sisi tulio karibu na wenye shida: tusithubutu kumwambia mwenye njaa, "Usisumbukie kesho," tukaenda zetu. Yakobo aliikemea imani ya namna hiyo. Paulo mtume, alipowahimiza Wakorintho kuwachangia maskini, aliwakumbusha habari hiihii ya mana: aliyeokota kingi hakuzidi, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Maana yake nini? Huenda mana ya jirani yetu ya leo iko katika kikapu chetu. Ada inayomkesha yule mjane, tukichanga watu 20, haitamkesha tena. Akina mama walioingia jikoni kwetu siku ile hawakutuhubiria tusiogope. Walipika ugali, na hofu ikapungua.

Ndugu wapendwa, kesho itakuja, na Bwana atakuwa amekwisha kufika huko kabla yetu. Hatatukuta kule tukiwa peke yetu. Lakini ukitaka kuonana naye sasa, usimtafute katika kesho. Yupo hapa, katika kazi hii, na mtu huyu, na kikombe hiki cha maji. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Na neema ya siku ya mbali haibebi mzigo wa leo. Tuokote pishi yetu. Yatosha.

Tuombe.

Ee Mungu, Baba wa siku zetu zote, uliyewalisha watu wako jangwani asubuhi kwa asubuhi: tupe leo kilicho cha leo, na imani ya kukuachia kilicho cha kesho. Utusamehe siku tulizoketi kando ya wenzetu bila kuwapo. Uturudishe mahali ulipotuweka, utufumbue macho tumwone aliye mbele yetu, na mwisho utufikishe katika siku ile isiyo na jioni. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.